Betri ya Taa za Dagaa Inakata Usiku wa Manane

SWALI: Mafundi, hongereni kwa kazi. Nina betri mbili za maji za sola, volti 12, Ah (ampea-saa) 100 kila moja, nazitumia kwa taa za kuvutia dagaa usiku. Zilipokuwa mpya zilifika alfajiri. Sasa hata mwaka haujaisha, ikifika saa saba usiku taa zimeshafifia. Nazipeleka kwa fundi chaji saa tatu asubuhi, saa saba mchana ananiambia zimejaa, na kweli maji yanachemka. Niliuziwa feki?
Mvuvi, Igombe, Mwanza

JIBU: Ndugu mvuvi, feki zipo, lakini maelezo yako yanaonyesha betri zenye njaa. Kuchemka si kujaa. Betri ikisukumiwa ampea nyingi, volti hupanda haraka na mapovu huanza ikiwa imefika kama asilimia 80 tu. Ile 20 ya mwisho ndiyo inayokula muda, kwa sababu betri hupokea umeme kidogo kidogo kadiri inavyokaribia kujaa. Ukiikatisha kila siku, salfeti, utando unaojijenga betri ikitumika, inayobaki kwenye sahani za risasi hugeuka chembe ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena.

Mwambie fundi aweke ampea 10 hadi 13 kwa kila betri ya Ah 100. Volti zikifika 14.4 hadi 14.8 azishikilie hapo, aache ampea zishuke zenyewe. Kama umetumia nusu ya betri, umetoa Ah 50. Kurudisha unahitaji kama Ah 60, maana nyingine hupotea kwenye joto na mapovu. Kwa chaja ya ampea 10, hesabu saa saba au nane. Saa nne hazitoshi, hata fundi awe rafiki yako.

Nunua haidromita, ile bomba ya kioo yenye boya ndani inayopima uzito wa maji ya betri. Vaa miwani na glavu, vuta maji ya kila chumba (kila tundu la kujazia maji lina chumba chake), soma, rudisha palepale. Ikisoma karibu 1.265 vyumba vyote sita, na vipimo vitatu vya kila nusu saa visipopanda, hapo imejaa. Mita ya volti hudanganya betri ikitoka tu kwenye chaja: iache saa kadhaa bila mzigo, iliyojaa isome karibu 12.7. Ikiwa 12.2 umebaki na nusu, na huko ndiko mwisho wa kuitumia.

Chumba kimoja kikipishana na vingine kwa zaidi ya 0.030, betri ikishajaa iendelee kuchajiwa kwa ampea 3 hadi 5, volti zifike kama 15.5, taa zote zikiwa zimechomolewa. Pima kila saa, acha vipimo vinapogoma kupanda. Maji yakipita nyuzi 50, zima ipoe. Kazi hii ifanyike nje, pasipo sigara wala karabai: gesi inayotoka ni haidrojeni, na inalipuka.

Halafu kuna mbalamwezi, siku ambazo taa hazivuti dagaa vizuri. Wengi mkipumzika, betri hutupwa kibandani kama ilivyotoka ziwani, ikae siku hizo zote na njaa yake. Hapo ndipo nyingi zinapofia, kuliko usiku wa kazi. Ijaze siku ileile uliyotua.

SWALI: Maji ya ziwa yakichemshwa na kuchujwa yanafaa kuongezea betri? Na yakipungua, niweke asidi?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Hapana, mara mbili. Kuchemsha kunaua vijidudu. Chumvi na chuma vinabaki, tena vimekolea zaidi. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati nayo yaache. Kanunue maji ya betri yasiyo na asidi, na usome chupa vizuri, kwa sababu madukani huwekwa rafu moja na yale makali.

Asidi haipungui kwa kuchaji, kinachopotea ni maji. Ukiongeza asidi, haidromita itasoma vizuri huku sahani zikiliwa. Asidi ni ya betri iliyomwagika tu, na hiyo mpe fundi.

Jaza baada ya kuchaji, siyo kabla, kwa kuwa maji huvimba yakipata moto na kufurika. Ila ukikuta sahani ziko wazi, ongeza kwanza hadi zifunikwe tu, chaji, kisha malizia hadi milimita chache chini ya shingo ya tundu.