RAM au SSD: Kipi Kitangulie?

Swali: Shikamoo Mhariri. Katika duka moja la Kampala nimeoneshwa kompyuta mpakato za michezo za aina moja na bei moja: ya kwanza ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 32 na SSD (diski ya kuhifadhia mafaili na michezo) ya GB 512, ya pili RAM ya GB 16 na SSD ya TB 1 (yaani GB 1,000 hivi). Nichukue ipi? (Msomaji, Jinja)

Jibu: Marahaba. Kwanza mwombe muuzaji afungue kifuniko cha chini, uone kama RAM imechomekwa au imelehemiwa kwenye ubao mkuu. Ikiwa imelehemiwa, chukua ya GB 32, kwa kuwa hutaweza kuiongeza baadaye, ilhali SSD kwa kawaida hubadilishwa kwa bisibisi ndogo tu.

Ikiwa imechomekwa, mimi ningechukua ya TB 1. GB 16 zinatosha michezo mingi ya sasa, hasa zikiwa vipande viwili vya GB 8, ambavyo hufanya kazi kwa pamoja na kwa kasi kuliko kipande kimoja. Lakini SSD ya GB 512 huonekana kwenye Windows kama GB 476 hivi, na mfumo wenyewe ukishachukua sehemu yake, michezo mitatu au minne mikubwa, inayozidi GB 100 kila mmoja, itaijaza. Hapo utafuta mmoja ili upakue mwingine, na sisi tunaonunua bando tunajua uchungu wa kupakua GB 100 mara ya pili.