Swali la lugha: Teknolojia ya kuunganisha au ya kuunganishia vituo vya data?

Msomaji kaniandikia hivi: "Mwalimu shikamoo. Niko timu ya mitandao, naandika ripoti kwa Kiswahili kuhusu teknolojia ya kuunganisha data senta zaidi ya moja. Nimeandika 'muunganiko wa vituo vya data nyingi', nikaandika 'faiba nyeusi', nikaandika 'VLAN iliyonyooshwa'. Bosi anasema inasomeka kama imetafsiriwa na mashine. Nimekosea wapi?"

Marahaba. Bosi wako kasema kweli ila usivunjike moyo, manake tatizo lako karibu lote ni moja tu, umehangaika kutafuta majina wakati Kiswahili kazi kubwa kinaifanya kwenye kitenzi. Ukiipata kauli ya kitenzi, jina linakuja lenyewe.

Tuanze na kichwa cha ripoti, hapo kuna kosa dogo la kupita haraka. "Vituo vya data nyingi" ni vituo vyenye data tele, na we hukutaka kusema hivyo, ulitaka vituo ndo viwe vingi, basi sogeza hilo neno likae karibu na mwenyewe: vituo vingi vya data. Ukipenda kusema "data senta" pia ruksa, neno limeshaingia, ila ngeli yake ni data senta hii, data senta hizi. Ninachokutana nacho sana ni "vituo vya data zimeunganishwa", mtu kaanza vizuri na vituo, kafika katikati kaisikia "data" iko jirani akaifuata. Ni vituo vimeunganishwa.

Sasa kitenzi chenyewe. Kutoka mzizi ung- tunapata ungana, unganisha, unganishwa, unganika, unganishia, na kila moja inasema kitu tofauti kabisa kwa mtu wa mitandao. Nikisoma vituo "vimeungana" mi naelewa vimekuwa kitu kimoja, usimamizi mmoja, kama makampuni yanavyoungana. "Vimeunganishwa" maana yake bado ni viwili, ila kuna mtu kapitisha njia katikati. "Vinaunganika" ndo pana utata, kwa sababu kauli ya kutendeka inabeba pia maana ya kuwezekana, barabara inapitika, maandishi yanasomeka, kwa hiyo ukiandika "vituo hivi vinaunganika" mwenye bajeti atasoma kwamba inawezekana kuviunganisha, bado tu hatujafanya, na anaweza kukuuliza kwa nini mwaka jana ulichukua hela. Ndio maana "muunganiko" siupendi hapa. Jina linalotokana na unganisha ni muunganisho, wingi miunganisho, na hilo ndilo la kuandika ukiwa unazungumzia njia iliyopo, inayopitisha pakiti (vipande vya data) sasa hivi.

Lakini kwenye kichwa sikushauri hata muunganisho. Unazungumzia teknolojia, yaani chombo, na chombo kwa Kiswahili kinapenda kauli ya kutendea: kalamu ya kuandikia, kamba ya kufungia, jembe la kulimia. Basi andika "Teknolojia za kuunganishia vituo vingi vya data". Ile -ia ndo inayomwambia msomaji kwamba hii ni zana. "Teknolojia ya kuunganisha" sio kosa, watu wengi wanaandika hivyo na wanaeleweka, ila ukiilinganisha na hiyo nyingine utasikia tofauti mwenyewe.

Na usidhani hizi kauli ni pambo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook na WhatsApp na Instagram zilipotea karibu saa sita dunia nzima, na maelezo ya kampuni yenyewe ni kwamba kwenye matengenezo ya kawaida ilitolewa amri iliyokusudiwa kupima uwezo wa mtandao wao wa uti wa mgongo, ikaishia kuangusha miunganisho yote kati ya vituo vyao vya data, na ile programu iliyotakiwa kuikagua na kuizuia amri mbaya ilikuwa na hitilafu. Sasa we niambie, mtandao ulikatika au ulikatwa? Ukisema ulikatika, hakuna aliyefanya, ni mambo ya dunia. Ukisema ulikatwa, msomaji anauliza na nani. Kwenye ripoti ya tukio hilo swali la "na nani" ndo lenyewe hasa, iwe ni amri ya mtu, iwe ni greda lililochimba mtaro pasipotakiwa. Mafundi wanaipenda sana "ilikatika", naelewa kwa nini.

Faiba nyeusi. Hapa nimecheka kidogo, samahani, manake faiba nyeusi ni faiba yenye ganda jeusi, na nyingi kweli ni nyeusi. Unachokisema ni ile iliyolazwa chini, mwenye nayo hajaweka vifaa vya mwanga, anakukodisha kioo kitupu, na we unafunga leza zako pande zote mbili. Usiite "faiba iliyozimwa" kwa sababu hiyo iliwaka kisha mtu akaizima, wala "iliyozimika" ambayo iliwaka ikafa, hiyo ni hitilafu na watu wataanza kupiga simu. Ni faiba isiyowashwa, basi, au faiba tupu kama wanavyosema wengine. Ukishaiwasha unaweza kupitisha mawimbi ya mwanga mengi kwa pamoja kwenye uzi mmoja, kila moja na urefu wake, karibu na nanomita 1,550 ambako kioo hakimezi mwanga sana, na mifumo mingi inabeba njia 80 au zaidi kwa uzi huo huo. Wengine wanaziita "rangi", na mi sina ugomvi na hilo japo jicho la mtu haliwezi kuziona.

VLAN iliyonyooshwa ndo imeniudhi kidogo (VLAN ni mtandao wa ndani unaotengwa kwa mipangilio ya vifaa, sio kwa waya wake peke yake). Kunyoosha ni kuondoa kona, kitu kilikuwa kimepinda kikanyooka. Hiyo VLAN haikupinda. Kilichofanyika ni kwamba mtandao ule ule wa ndani umetandazwa ukafika kituo cha pili, seva ya huku na seva ya kule zinaonana kama ziko kwenye swichi moja. Kwa hiyo VLAN iliyotandazwa, au ukitaka kusema wazi kabisa, VLAN inayovuka vituo. "Iliyopanuliwa" nayo ikwepe, msomaji atadhani umeongeza nafasi za anwani. Kama kweli unataka kuzungumzia kuongeza idadi ya mitandao, hiyo ni habari ya VXLAN, njia ya kutandazia mitandao ya ndani juu ya mtandao mwingine, ambayo waraka wa kiufundi RFC 7348 wa mwaka 2014 uliipa namba ya biti 24, yaani mitandao zaidi ya milioni 16, wakati VLAN ya kawaida na biti zake 12 inaishia 4,094 zinazotumika.

Hapo hapo kwenye VXLAN kuna mtego mwingine ambao hukuuliza ila utauangukia: fremu ya Etheneti, yaani kifurushi cha data cha mtandao wa ndani, inawekwa ndani ya pakiti ya UDP, moja ya itifaki za kusafirishia data, na watu wanaandika "fremu inafungwa". Kufunga kwenye mitandao ni kuzuia, poti imefungwa, haipiti kitu. Sema inafungashwa, na upande wa pili inafunguliwa au inafungashuliwa, hilo la mwisho bado linasikika geni lakini linajieleza. Na ukumbuke huo ufungashaji unaongeza baiti 50, kwa hiyo njia ya katikati isiyoruhusu pakiti ya zaidi ya baiti 1,500 itakusumbua, ila hilo sio swali la lugha.

Mwisho kwenye kipande ulichonitumia kuna "ucheleweshaji wa faiba". Chelewesha ni kutendesha, kuna mtu au kitu kinachochelewesha, neno zuri kabisa kama ruta imezidiwa na foleni imejaa. Lakini umbali mtupu hauna mchelewaji wala mcheleweshaji, mwanga ndani ya kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, basi vituo vilivyoachana kilomita 100 za faiba vinakula karibu milisekunde 1 kwenda na kurudi hata kama vifaa vyote ni vipya leo. Hiyo iite "muda wa kwenda na kurudi", na "ucheleweshaji" uutunze kwa ajili ya ile sehemu inayoweza kurekebishwa. Bosi akizisoma zimetenganishwa hivyo atajua ipi ya kukudai na ipi hawezi.