Je, kuku wa nyama lazima wanywe antibiotiki kila siku?

Swali: Jambo Daktari. Nafuga kuku 200 wa nyama hapa Katuba, Lubumbashi, katika banda la mita 4 kwa 3. Muuza chakula ameniambia niwatilie tetrasaiklini, aina ya antibiotiki, kwenye maji tangu siku ya kwanza mpaka wauzwe, eti ndivyo wafanyavyo wafugaji wakubwa wa Ulaya. Ni kweli?

Jibu: Jambo Mama. Huyo anakusimulia Ulaya ya zamani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kunenepesha mifugo Januari 2006, na tangu Januari 2022 ni marufuku hata kuzitumia kila mara ili kuficha uchafu wa banda.

Tupige hesabu. Banda lako lina mita za mraba 12. Kuku 200 wa kilo 2 ni kilo 400, yaani kilo 33 kwa kila mita ya mraba. Ndicho kiwango cha kawaida cha sheria ya Ulaya ya 2007! Umejenga kiwanda bila kujua, ila wao wana feni na mitambo ya hewa. Wewe una dirisha, na umeme wetu unaujua.

Alfajiri, kabla hujafungua madirisha, chuchumaa mpaka pua ifike kimo cha kuku. Macho yakiwasha, hiyo ni amonia, gesi kali ya mavi yaliyolowa. Inachoma koo na mapafu ya kuku, bakteria wanapata pa kuingilia. Basi mgonjwa ni banda, na dawa unamnywesha kuku.

Dozi ndogo ya kila siku inaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Hao hutoka na mavi, na mavi yako nadhani unawauzia wenye bustani za lengalenga. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni, yaani chembe ya urithi ya bakteria, inayowafanya wasidhuriwe na kolistini, antibiotiki ambayo hospitali huiweka akiba kwa wagonjwa walioshindikana. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Mwaka 2017 China ikaiondoa kolistini kwenye vyakula vya kunenepeshea mifugo.

Weka kuku 120, si 200. Geuza maranda kila siku, ziba kinyweshea kinachovuja, wachanje dhidi ya ugonjwa wa Newcastle (kideri). Kuku akifa, mpeleke kwa veterineri ampasue kabla hujanunua dawa yoyote. Ikilazimu kuwapa, soma kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Ukiwanywesha mpaka siku ya kuuza, mteja wako atakula tetrasaiklini pamoja na bukari yake.