Ukitaka kasha la kale lenye ubao wa mchezo, anza na ubao

Wengi wanaotaka kutengeneza kasha la mtindo wa Ulaya ya Zama za Kati huanza kwa kupima kasha. Mimi nashauri uchore kwanza ubao wa mchezo, maana ndio utakaoamua upana wa kifuniko. Ninaoupenda ni ule wa miraba mitatu, mmoja ndani ya mwenzake, wenye vituo 24. Kila mchezaji ana kete 9, na akipanga tatu mstari mmoja anamla mwenzake kete moja. Umo katika kitabu cha michezo cha Mfalme Alfonso wa Kumi wa Kastilia, kilichokamilika mwaka 1283. Mraba wa nje wa sentimita 30 unatosha. Kushoto na kulia acha nafasi ya kete zilizoliwa.

Kasha lenyewe ni mbao sita tu: mbele, nyuma, mbavu mbili, kitako na kifuniko. Mbavu zisimame, nyuzi zake zikielekea juu, zishuke kupita kitako ziwe miguu; mbele na nyuma zilale. Hapo uwe makini, kwa sababu mbao hunywea kwa upana, si kwa urefu. Ukigandisha kwa gundi mbao iliyolala na iliyosimama, kiangazi kitazipasua. Piga misumari, nayo huachia kidogo.

Kabla ya brashi, kata mistari ya mchezo kwa kisu kikali na rula ya chuma, kina cha milimita moja. Rangi haitatambaa kufuata nyuzi za mbao, na hata kete zikiisugua miaka mingi, mistari itabaki.

Rangi ya mafuta hung'aa mno kwa kazi hii. Tumia rangi ya yai, yaani unga wa rangi uliochanganywa na kiini cha yai. Viringisha kiini kwenye karatasi laini mpaka ngozi yake ikauke, kishike kwa vidole viwili juu ya kikombe, kisha kitoboe. Njano itadondoka, ngozi itabaki mkononi. Changanya na maji kidogo na unga wa rangi: udongo mwekundu, masizi, chaki. Paka tabaka jembamba, likauke, ndipo uongeze jingine. Mafundi wa zamani walitumia pia nyeupe ya risasi na nyekundu ya zebaki. Hizo ni sumu, na ubao huu watoto wataushika kila siku, kwa hiyo ziache kabisa. Baada ya wiki kadhaa, sugua nta ya nyuki juu yake.

Ndani, upande mmoja, weka kisanduku kidogo chenye kifuniko chake. Kete zitakaa humo, na kifuniko hicho ukikisimamisha kitaegemeza kile kikubwa kisikuangukie vidoleni.