Mama mkwe kanikuta kifua wazi

SWALI: Shikamoo Mzee. Mke wangu amejifungua binti njiti, wiki ya 33. Tumetoka wodini akiwa na gramu 1,850, na muuguzi alitufundisha kumbeba kangaruu, yaani ngozi kwa ngozi kifuani, kwa kupokezana, mimi na mke wangu. Juzi mama mkwe kafika kutoka Lushoto bila taarifa, akanikuta sebuleni kifua wazi, mtoto kifuani, nimejifunga kanga ya mke wangu. Aliacha kikapu cha mapeasi mlangoni akarudi nje. Sasa anasema joto la mwanaume halimfai mtoto mchanga, na nikimbeba haingii ndani. Mke wangu yuko kimya. Je, niache? Baba Binti, Muheza.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Usiache hata siku moja.

Lakini msikilize vizuri mama mkwe. Nionavyo mimi, ameona kifua cha mkwewe, na kwa malezi yake hilo ni jambo zito kuliko unavyodhani. Hawezi kulitamka mbele yako, ndiyo maana kalitupia kwenye joto. Kwa hiyo tafuta shati pana la vifungo mbele. Mtoto akae ndani, ngozi kwa ngozi, shati lifungwe juu yake, na juu ya shati kanga. Kisha shangazi yako, siyo wewe, aende akamwombe radhi kwa siku ile.

Kuhusu joto, ngozi ya baba inampasha mtoto kama ya mama. Utaratibu huu ulianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za kutunzia njiti zilipokuwa hazitoshi. Baadaye ulipimwa katika nchi tano, na Tanzania ilikuwemo: watoto walioanza kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa robo kuliko vya waliosubiri kwanza hali zao zitulie. Matokeo hayo yalitoka 2021.

Mimi mwanangu wa kwanza alizaliwa 1985. Nilimwona siku ya tatu, kupitia dirisha, chupa ya uji mkononi. Nyumbani kila nikinyoosha mikono naambiwa, "Utamvunja shingo." Nilikuja kumpakata sawasawa ana miezi minne. Ile miezi minne inaniuma mpaka leo.

Mwanangu huyohuyo mwaka 2019 naye akapata njiti. Mkewe alikuwa bado anauguza mshono, kwa hiyo zamu nyingi zilikuwa zake. Siku ya Simba na Yanga bao likaingia, nyumba nzima tukaruka, yeye kabaki kwenye kiti mikono juu, mdomo wazi, sauti haitoki. Mtoto hakushtuka.

Usiku mmoja akaniambia, "Baba, nimechoka, nipokee." Nikavua shati. Walimweka kifuani kwangu akiwa na nepi, kofia na soksi tu. Alikuwa anahema harakaharaka kama kifaranga, halafu taratibu pumzi ikaanza kufuata yangu. Akashika nywele za kifua changu akavuta kwa nguvu zake zote. Machozi yalinitoka na sikuthubutu kuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa mgongoni kwake na mwingine chini ya makalio. Nilikuwa na miaka 62.

Basi angalia haya. Kichwa kielekee upande, kidevu kisikunjamane kifuani akakosa pumzi. Miguu ikae kama ya chura. Ukitaka kusinzia, egemea mito, usilale chali moja kwa moja. Sigara usiiguse, na manukato yaache. Saa ya kunyonya mrudishe kwa mama yake. Ukiona midomo inageuka bluu, pumzi inakatika, au anakataa ziwa, usingoje kuche, mkimbize hospitali. Endeleeni mpaka afike gramu 2,500 hivi, au aanze mwenyewe kujinyonganyonga kutaka kutoka.

Huyo mke wako usimlaumu kwa kukaa kimya. Anavutwa na mama yake upande huu na wewe upande ule, na ana kidonda. Mpikie.

Na siku ya kwenda kupima uzito, mwombe mama mkwe awasindikize. Yeye ndiye amvue mtoto kofia, yeye ndiye amlaze kwenye mizani. Mkirudi niandikie ni gramu ngapi.