Godoro halizuii risasi: niliyoyaona nyumbani kwetu Majengo

Dada wa mtaa wa Katindo, umeuliza kama ukisimamisha magodoro kwenye ukuta wa mbao watoto watapona masasi yakianza tena. Hapana, dada. Sisi tulifanya hivyohivyo.

Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, tulikuwa watu tisa katika nyumba ya mbao hapa mtaa wa Majengo. Tulisimamisha magodoro mawili na nyuma yake tukasukuma kabati la nguo. Usiku wa pili risasi ikapita. Kulipotulia niliifuata njia yake kwa kijiti: ubao, godoro, kabati na nguo zote zilizokunjwa ndani, ukuta wa katikati, ndipo ikakwama kwenye gunia la maharagwe, imepinda. Gunia la makala (mkaa) lililokuwa kando lilitobolewa na nyingine, ikatokea upande wa pili na kuendelea na safari yake. Yale magunia mawili yalilingana unene. Maharagwe ni mazito, makala ni mepesi.

Tangu siku ile kila kitu nyumbani nakitazama kwa uzito wake. Risasi ya bastola ya milimita 9 na ile ya AK-47 zinakaribiana, kila moja kama gramu 8. Lakini ya bastola huenda kama mita 350 kwa sekunde, ya AK hufika 700. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huwa mara nne. Mbao zetu hazizuii hata ya bastola, sembuse hiyo. Bidoni moja ya maji nayo haitoshi. Ukisikia ile kubwa ya milimita 12.7 inayofungwa juu ya gari, usihesabu kitu chochote cha nyumbani. Hiyo ni ya kukimbiwa mapema, njia zikiwa bado wazi.

Wenye nyumba za bloku za sima (saruji) msijiamini sana. Bloku yenye matundu ndani ni hewa, na AK inaweza kuivunja ikapita. Matundu yakijazwa mchanga au zege, ukuta unakuwa mwingine kabisa. Jirani yangu ana ukuta wa mawe ya lava hadi kiunoni, juu mbao. Kwenye mawe zilibaki alama tu, juu matundu matupu. Waliolala chini nyuma ya mawe waliamka wazima.

Mimi nilichagua mchanga, maana jiwe hurusha vipande na risasi inaweza kuteleza ikaelekea kwingine, ila mchanga huimeza. Kupata udongo Goma ni kazi, ukichimba kidogo unakutana na lava, kwa hiyo niliununua. Usidanganyike na ile changarawe nyeusi ya volkano kwa kuwa ni rahisi kuipata: ina matundu, ni nyepesi. Nilijaza mifuko mitupu ya unga, nikailaza kama matofali, safu mbili, moja nyuma ya nyingine, unene zaidi ya nusu mita, viungo vya safu ya juu visilingane na vya chini. Kama sakafu yako ni ya mbao, panga mifuko nje ya ukuta, ndani itakubomolea nyumba.

Ukuta huo wa mifuko hauhitaji kufika darini. Mlaze mwanao mkubwa chini, pima kimo chake akiwa amelala, kisha mtoto akiondoka panga mifuko hadi kimo hicho na uongeze safu mbili zaidi. Na magodoro yale, dada, yatandike nyuma ya mifuko, watoto wayalalie.