Mafuriko yaliyookoa watu: maswali yenu kuhusu Misri ya kale

Mwalimu, Wamisri wa kale nao walikuwa na gharika kama ya Nuhu? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Walikuwa na kisa cha wanadamu kuangamizwa, ila maji yake yanafanya kazi nyingine kabisa. Kisa hicho kimeandikwa ukutani katika chumba cha pembeni cha kaburi la Seti wa Kwanza, Bonde la Wafalme, kaburi la karne ya 13 KK.

Ra, mungu jua, amezeeka. Mifupa yake imekuwa fedha, nyama dhahabu, nywele jiwe la buluu. Watu wanaanza kumlia njama. Anawaita miungu wenzake shaurini, kisha anamtuma mungu wa kike Hathor, aliye Jicho lake, yaani nguvu yake ya kuadhibu, awaue huko jangwani walikokimbilia. Hathor anaua na kurudi akiwa amefurahi, na hapo ndipo linapotajwa jina la Sekhmet, sura yake ya ukali.

Lakini Ra anawahurumia waliobaki. Anaagiza udongo mwekundu uletwe upesi kutoka Elephantine, kisiwa cha Nile kule Aswan, na usagwe. Vijakazi wanasaga shayiri, inapikwa pombe mitungi 7,000, rangi yake kama damu. Kabla hakujapambazuka inamwagwa mashambani mpaka kina cha viganja 3, yaani sentimita 22 hivi. Asubuhi mungu huyo wa kike anakuta mashamba yamefurika, anauona uso wake humo ukiwa mzuri, anakunywa, analewa, hata asiwatambue watu tena.

Nuhu aliokolewa kutoka kwenye maji. Hawa waliokolewa na mafuriko yenyewe, na nadhani anayekipita kisa hiki bila kuliona hilo amekosa kiini chake.

Nimesoma kwamba hii ni kumbukumbu ya janga la kweli, volkano au kimondo. Ni kweli?

Mimi sikubali. Maandishi hayo hayana majivu wala moto kutoka angani. Yana mashamba yaliyofunikwa na kitu chekundu, jambo ambalo Mmisri aliliona kila mwaka. Mvua za nyanda za juu za Ethiopia ziliteremsha tope la rangi ya kutu kupitia Nile ya Buluu na Atbara, mto ukapanda, mashamba yakazama. (Maji ya ziwa lenu huko Mwanza hayakuleta wekundu huo, mengi hupotea kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini.) Na Elephantine, ulikotoka ule udongo, ndiko Wamisri walikoamini kuwa mafuriko huanzia.

Ila msiishie mtoni. Kisa chenyewe kinaeleza kwa nini pombe hunywewa kwenye sikukuu ya Hathor, na Malkia Hatshepsut alijenga ukumbi wa ulevi katika hekalu la Mut, mungu wa kike aliyehusishwa na Sekhmet, kule Karnak. Watu walikunywa wakilewa kama mungu alivyolewa, ili hasira yake ipoe.

Je, waliamini dunia itaisha kwa maji?

Ndiyo. Katika sura ya 175 ya Kitabu cha Wafu, maandishi waliyozikwa nayo marehemu, mungu muumba Atum anamwambia Osiris, mungu wa wafu, kwamba ataangamiza vyote alivyoviumba, na nchi itarudi kuwa Nun, yale maji ya mwanzo. Watabaki wao wawili tu, na Atum atajigeuza nyoka.

Mbona Plato anasema makuhani wa Misri walijua gharika nyingi?

Katika maandishi ya mwanafalsafa huyo Mgiriki, kuhani wa mji wa Sais, Misri, anamweleza hivyo Mgiriki mwingine, Solon. Soma mbele kidogo: anasema gharika hizo huwapata wengine, na Misri haipati mvua ya kuizamisha. Hofu ya Mmisri ilikuwa mto kutopanda. Pale kisiwa cha Sehel, karibu na Aswan, kuna jiwe lililochongwa enzi za akina Ptolemaio, wafalme wa Misri wenye asili ya Kigiriki, likisimulia miaka 7 ya njaa wakati wa mfalme Djoser. Mto haukuja. Watoto wanalia, na wazee wamekaa chini, miguu wameikunja, mikono wameikumbatia.